Lenzi ya Wiki Moja

Kengele ya mwisho ikilia, mimi huwa nimeshafunga mkoba zamani. Nyumbani huniita Kiroboto, na jina hilo sikulipata bure. Siwezi kutulia. Nikikaa, mguu hutikisika. Nikikatazwa mguu, vidole hupiga ngoma mezani. Nikikatazwa vidole, mdomo huanza. Mwalimu wa hesabu aliwahi kunihamisha dawati mara tatu ndani ya kipindi kimoja, mwisho akakata tamaa, akaendelea kufundisha.

Wakati wa mambo haya nilikuwa darasa la sita. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja studio kwa Mama, ambaye ni mpiga picha. Studio yetu ni chumba kimoja kati ya duka la viatu na kinyozi. Ina pazia jeupe la picha za pasipoti, kiti kinachozunguka, kompyuta yenye feni inayokoroma, na kioo ambacho wateja hujitazama kwa furaha kabla ya kupigwa picha, kisha wakishaziona picha wanamlaumu Mama.

Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga picha kwenye bahasha, halafu kukaa kwenye kompyuta na kuzikuza picha za siku hiyo moja moja, kuangalia kama ziko safi au zimeingia ukungu. Nilipewa kazi hii kwa sababu macho ya Mama yalikuwa yameanza kuchoka kuona vitu vya karibu. Mtu akiwa ng'ambo ya barabara, Mama anamwona mpaka kifungo kilichokatika. Lakini daftari ilibidi alishike kwa mkono ulionyooka, na bado akunje uso. Miwani alikuwa ameshaandikiwa hospitali, ila kila mwezi kulikuwa na kitu kilichotangulia.

Lenzi yetu ya kutegemewa ilikuwa moja tu. Mama alipewa na mwalimu wake siku alipohitimu mafunzo ya picha, na tulimwita Kizee. Rangi imembanduka, ubavuni ana kovu la kuanguka, lakini hajawahi kumwangusha Mama kazini. Kizee alikuwa na tatizo moja. Havuti. Ukitaka uso wa mtu ujae kwenye picha, unamfuata kwa miguu yako. Ukitaka watu kumi waingie wote, unarudi nyuma kwa miguu yako. Kwa hiyo Mama akiwa kazini ni mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka wageni wasiomjua hudhani anacheza muziki ambao wao hawausikii.

Miezi miwili kabla ya hapo, alikuwa akipiga picha za harusi moja. Bibi harusi alitaka ukoo mzima uingie kwenye picha, kuanzia shangazi hadi vitukuu. Mama akarudi nyuma. Bado shangazi mmoja yuko nje. Akarudi tena. "Bado kidogo!" akasema, akapiga hatua moja ya mwisho, na hatua hiyo haikukuta ardhi. Alitumbukia mtaroni mgongo kwanza. Sketi ilipasuka, kiatu kimoja kikaenda na maji, lakini mkono wenye kamera ulibaki juu, umenyooka. Ukoo mzima ulicheka. Mimi nilikuwa palepale nimeshika mkoba wa betri, na, Mungu anisamehe, nilitamani mtu asijue kwamba yule ni mama yangu.

Kijana mmoja alikuwa akirekodi kwa simu. Video ilifika shuleni kabla yangu.

Darasani kuna mwenzangu tunayemwita Twiga. Ana shingo ndefu, na ulimi mrefu kuliko shingo. Baba yake naye ni mpiga picha, tena mwenye lenzi kubwa inayovuta. Tangu siku hiyo, kila mapumziko Twiga alisimama katikati ya uwanja, akashika kamera ya hewani, akatembea kinyumenyume akitikisa makalio, kisha akajitupa chini. Watoto walishika mbavu.

"Mama yako ananunua lini lenzi ya kuvuta?" aliniuliza. "Baba yangu anasimama mahali pamoja, anazungusha mkono, basi. Hatembei kama kaa."

Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Na mimi usiku na mchana nikawa na wazo moja tu kichwani, lenzi inayovuta, na wazo hilo lilinikera kuliko kokoto kiatuni.

Jumatatu moja Mama alinipeleka kwa fundi wa kamera. Duka lake ni dogo mno, ukiingia lazima mtu mwingine atoke. Fundi alifungua kisanduku chenye kitambaa cha mahameli ndani, akatoa lenzi nyeusi inayong'aa, mpya, nzito.

"Hii ndiyo wanayoiita lenzi ya kila siku," akasema. "Unaifunga asubuhi, unaifungua jioni. Ukoo mzima unaingia, uso mmoja unakuja karibu, na wewe umesimama palepale. Hutembei."

Nilimgusa Mama kwa kiwiko. Hakunitazama.

"Na kasoro yake?" akauliza.

Fundi alikuna kidevu. Ni mtu mkweli, ndiyo maana duka lake halijawahi kuwa kubwa. "Kasoro ya kwanza ni bei, dada yangu. Ya pili ni tundu. Tundu la kupitisha mwanga ni dogo. Juani utafurahi. Ndani, kwenye taa hafifu, kamera itabidi ikae wazi kwa muda zaidi, na mtu akijitikisa kidogo tu, picha inaingia ukungu. Kizee wako ana tundu kubwa. Shida hiyo haijui."

Mimi habari ya tundu sikuisikia. Nilisikia "hutembei."

Halafu akataja bei. Ilikuwa bei ya pikipiki, na mguu wangu ukaacha kutikisika kwa muda.

Mama aliizungusha lenzi mkononi. Niliona anaipenda. Alivuta, akarudisha, akavuta tena, akatabasamu peke yake. Kisha akairudisha kwenye mahameli. "Siwezi kununua kitu cha bei hii kwa sababu nimekipenda tu," akasema. "Niazime wiki moja. Nifanye nayo kazi zangu zilezile, kisha nitajua."

"Kwako wewe sitakataa," Fundi akasema. "Ijumaa jioni nataka jibu."

Mama ana utaratibu wake wa kupima kila kifaa kipya, awe ameazima taa au hata kamba ya kamera. Anachukua daftari, anapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto anaandika "Imenipa." Kulia anaandika "Imeninyima." Kila picha ambayo asingeipata bila kifaa kile, inaandikwa kushoto. Kila picha iliyoharibika kwa ajili ya kifaa kile, inaandikwa kulia. Siku ya mwisho anasoma ukurasa, anaamua. Safari hii, kwa sababu ya macho yake, daftari alinikabidhi mimi.

"Wewe ndiye hakimu," akaniambia. "Kuza kila picha, andika unachokiona."

Ile lenzi tuliibatiza Bwana Harusi, kwa vile alikuja amepambwa na kila mtu alitaka kumshika. Jumatatu na Jumanne alitutia wazimu. Mama alipiga mechi ya mpira, akampata kipa amekunja uso kana kwamba alikuwa naye golini. Alipiga wajenzi juu ya ghorofa bila kupanda hata ngazi moja. Safu ya kushoto ilijaa upesi, na mimi niliandika kwa herufi kubwa za furaha. Jumatano alipiga picha kwenye chumba cha fundi cherehani, mahali pasipo na dirisha. Picha tatu ziliingia ukungu. Niliziandika kulia, kama inavyotakiwa. Niliziandika kwa herufi ndogo sana, lakini niliziandika.

Kisha ikaja Alhamisi.

Mjini kwetu kuna mkunga mwenye sauti nene aliyepokea nusu ya watoto wa darasa letu, mimi nikiwemo. Jumamosi ile alikuwa anastaafu. Hakutaka sherehe wala hotuba. Alitaka picha moja tu, akiwa wodini na watoto waliozaliwa wiki hiyo, mama zao, na wauguzi aliowafundisha. Alimwomba Mama aipige, kwa sharti moja. Asiwashe ile taa kali ya kamera. "Watoto wana siku moja duniani," alisema. "Usiwamulike machoni." Ndani ya wodi mapazia hufungwa na taa ni za kupoza macho. Kwa hiyo Alhamisi Mama alikwenda na Bwana Harusi kujaribu, saa ileile ambayo picha ingepigwa Jumamosi.

Nilipotoka shule nilifungua kompyuta. Picha zilikuwa thelathini na moja. Nikakuza ya kwanza. Uso wa Mkunga ulikuwa kama umepanguswa kwa kitambaa kibichi. Nikakuza ya pili. Mtoto alikuwa ametikisa mkono, akaonekana ana mikono minne. Ya tatu, ukungu. Ya nne, ukungu. Niliendelea huku kiti kinachozunguka kikilia chini yangu. Tisa tu zilikuwa safi, zile zilizopigwa karibu na mlango, mahali mwanga wa nje ulipopenya. Ishirini na mbili zilikuwa za kutupwa.

Ishirini na mbili. Zilitakiwa kuandikwa kulia, na zikiandikwa, Bwana Harusi anarudi kwa Fundi, Mama anarudi kwenye kucheza dansi lake, na Twiga anaendelea kujitupa chini uwanjani. Siku hiyohiyo Twiga alikuwa ameongeza kitu kipya, sauti ya maji yakiruka.

Nilishika kalamu. Niliiweka. Nikasimama, nikafagia chumba nilichokwisha kufagia, nikakaa tena. Kisha nikazichagua zile picha ishirini na mbili, nikazitupa kwenye pipa la taka la kompyuta. Katika safu ya kushoto nikaandika: "Wodini. Picha tisa. Zote safi."

Mama aliingia akipangusa jasho. "Ehe, hakimu?"

"Safi," nikasema.

"Hata za ndani?"

"Hata za ndani."

Aliinama kwenye kompyuta, mbali kidogo, kama kawaida yake. "Mbona tisa tu? Nilidhani nimepiga nyingi."

"Ziko tisa, Mama."

"Mh." Alisugua paji la uso, akacheka kidogo. "Basi nimeanza kuzeeka. Ningeapa zilifika thelathini."

Nilitazama feni ya kompyuta. Sikujua uongo mdogo unaweza kuwa na mikono mingi namna hiyo. Nilitaka tu kuficha ukungu, na sasa Mama alikuwa anaitilia shaka akili yake.

Jioni hiyo, baada ya chakula, nilimkuta mezani akimsafisha Kizee kwa kitambaa laini, taratibu, kila pete, kila kovu.

"Mbona unamsafisha hivyo?"

"Kesho anaondoka," akasema bila kuinua macho. "Akiba yangu haitoshi peke yake. Fundi amempatia Kizee mnunuzi, mimi nitaongezea, Bwana Harusi atabaki kwetu."

"Na Jumamosi? Kwa Mkunga?"

"Jumamosi naenda na Bwana Harusi. Si umesema ndani yuko safi?"

Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema, na nilifungua mdomo. Lakini yeye alitangulia. "Ile video niliiona, mwanangu," akasema polepole. "Na najua shuleni wanakufanyia nini. Mtoto wa kinyozi aliniambia. Sikutaka kuizungumza, lakini iliniuma kwa ajili yako. Sitakuaibisha tena."

Nilikwenda kulala, nikajigeuza mpaka shuka ikanifunga miguu.

Ijumaa sikuelewa somo hata moja. Nilivunja kalamu mbili za risasi. Niliomba ruhusa ya kwenda msalani mara nne, mpaka mwalimu akauliza kama nimekula kitu kibaya. Nilijiambia nitakimbilia studio mapumziko ya saa nne, niseme. Saa nne ikapita. Nilijiambia nitasema jioni, Mama akiwa amekaa. Wakati wa mapumziko ya mchana Twiga alinijia, na kwa mara ya kwanza hakucheza dansi.

"Baba yangu leo anakwenda kwa fundi wa kamera," akasema. "Kuna mtu anauza lenzi ya zamani. Baba hakulala kwa furaha. Anasema lenzi yake kubwa akiwa ndani ya ukumbi inamtoa jasho, picha zote moshi mtupu. Ameitafuta ya aina hiyo miaka mitatu."

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Saa tisa na nusu. Kwani wewe unauza au unanunua?"

Tulikuwa tunatoka saa tisa na nusu.

Kengele ilipolia nilikuwa nje kabla haijamaliza. Studio ilikuwa imefungwa, kibao kimening'inia: "Narudi sasa hivi." Nilipita katikati ya wauza mboga, nikaruka ndoo ya mwosha magari, nikamgonga mzee mmoja nikamwomba radhi nikiwa tayari mbele. Nilikimbia nikizungumza peke yangu: asiwe ameshampa, asiwe ameshampa.

Dukani kwa Fundi kulikuwa na watu watatu, yaani pamejaa. Fundi yuko nyuma ya meza. Mama amekumbatia kisanduku cha mahameli. Na baba yake Twiga amemfunga Kizee kwenye kamera yake, anapiga picha kona yenye giza, uso umemchanua. Noti zake zilikuwa mezani.

"Mama, usimuuze!"

Wote waligeuka. "Vipi, Kiroboto?" Mama akasema. "Nani anakukimbiza?"

Pumzi hazikutosha, lakini niliogopa kwamba nikizingoja, nitabadilisha mawazo. "Nilidanganya. Picha za wodini si safi. Nilizitupa. Bwana Harusi hawezi ndani, Mama. Uso wa Mkunga hauonekani kabisa."

Fundi aliweka bisibisi chini. Baba yake Twiga alishusha kamera. Mama hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Ulitupa ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Kati ya ngapi?"

"Thelathini na moja."

Alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo nilipiga thelathini na moja."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukaniacha nidhani nimeanza kusahau."

Hapo nililia. Nililia mbele ya baba yake Twiga, mtu ambaye kuliko wote sikutaka anione nikilia.

Mama alikiweka kisanduku mezani. "Ndugu yangu, samahani sana," akamwambia. "Simuuzi tena."

"Lakini dada, tumeshaelewana," akasema yeye, na mkono wake ukazidi kumbana Kizee. "Pesa hizi hapa."

"Ziko mezani," Fundi akasema kwa upole. "Mfukoni hazijaingia."

"Kesho asubuhi nina kazi wodini," Mama akaendelea. "Mkunga anastaafu. Hakuna taa, hakuna kurudia. Bila lenzi hii sina picha."

"Mkunga yule mwenye sauti nene?"

"Huyohuyo."

Baba yake Twiga alimtazama Kizee. "Alimpokea mwanangu," akasema. "Akazitazama nyayo zake, akaniambia, 'Huyu atakusumbua kwa viatu.' Na kweli ananisumbua." Alimfungua Kizee polepole, akamweka juu ya kitambaa. Kisha akanigeukia mimi. "Unajua ile video ya mama yako niliitazama mara kumi? Wote walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa natazama mkono. Mtu anaanguka mtaroni, mkono hauiachii kamera. Mimi ningeitupa nikajiokoa mwenyewe. Nilimwambia mwanangu hivyohivyo, kumbe hakusikia. Leo atasikia." Aliokota noti zake. "Siku utakapomchoka Kizee, dada, mimi ni wa kwanza."

"Utangoja sana," Mama akasema, na Fundi akacheka mpaka akakohoa.

Njiani Mama alitembea mbele yangu. Bwana Harusi tulikuwa naye bado, kwa vile Mama alimwomba Fundi mpaka Jumamosi jioni. "Sijasoma daftari la kweli," alimwambia. Tulipofika studio alinivutia kiti.

"Zitoe kwenye pipa la taka."

Nilizirudisha zote.

"Ziandike. Kila picha mstari wake, na sababu yake."

Niliandika mistari ishirini na miwili katika safu ya kulia. Uso umefutika. Mtoto ametikisika. Muuguzi hana macho. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa maishani, na kila mguu ulipotaka kutikisika niliukanyaga kwa mwenzake. Nilipomaliza, Mama alinyoosha mkono, akalisoma daftari lote, kushoto na kulia, akakunja uso, akalifunga. "Nenda ukanawe," akasema. "Kesho saa mbili kamili."

Jumamosi wodi ilikuwa imenyamaza, ina harufu ya sabuni. Mkunga alikaa katikati, mtoto mmoja kwenye kila mkono. Mama zao walikaa pande zote, wauguzi wakasimama nyuma. Mama alimfunga Kizee, akatazama, akatikisa kichwa. Muuguzi wa mwisho alikuwa nje ya picha. Akarudi nyuma hatua moja. Bado yuko nje.

Nyuma yake kulikuwa na kitanda, stendi ya maji ya mishipa, na ndoo ya kupigia deki. Niliziona zote, na kwa mara ya kwanza niliona kazi ambayo yeyote kati yetu angeweza kuifikiria zamani. Niliingia nyuma yake, nikaweka kiganja mgongoni kwake.

"Nyuma ni wazi, Mama. Njoo. Kushoto kidogo, kuna kitanda. Hatua moja. Nyingine. Subiri, ndoo." Niliisogeza kwa mguu. "Haya. Nyingine."

"Wameingia wote," akanong'ona. "Nishike hapohapo."

Aliegemea kiganja changu kwa uzito wake wote ili asitikisike. Na mimi, Kiroboto, nilisimama kama nguzo. Sikuvuta hata pumzi. Kamera ililia mara tano, taratibu.

"Huyo nyuma yako ndiye yule aliyetoka akirusha mateke?" Mkunga akauliza kwa ile sauti nene, bila kuamsha mtoto hata mmoja.

"Ndiye," Mama akasema. "Leo ametulia."

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini tukingoja Mkunga amalize kuagana. Mama alitoa daftari mkobani.

"Sikiliza, mwanangu. Lenzi ile si mbaya. Haya ya kushoto ni ya kweli, na mtu anayefanya kazi zake juani atafurahia kila senti aliyoitoa. Lakini nusu ya mkate wetu uko ndani ya vyumba. Kwa bei ile, sisi hatuihitaji. Ila hilo si kubwa. Mimi sikukupa kazi ya kuipenda lenzi wala kuichukia. Nilikuomba uwe macho yangu. Macho yakinionyesha yale tu yanayopendeza, nitaanguka kila siku, tena mahali pabaya kuliko mtaroni. Habari mbaya niletee ikiwa mbichi, wakati bado naweza kufanya kitu. Umechelewa siku moja, lakini umeleta, tena mbele za watu. Hilo nimeliona."

"Na uliponiambia kwamba umeanza kuzeeka..." nilianza.

"Hilo liliniuma kuliko lenzi," akasema. Hakulifunika. Kisha akanivuta begani. "Na mimi nina kosa langu. Nimekubebesha macho yangu kwa sababu kila mwezi naahirisha miwani. Jumatatu naichukua. Akiba iliyotaka kununua lenzi haiwezi kukosa pesa ya miwani."

Jioni tulimrudisha Bwana Harusi kwa Fundi, amepanguswa vizuri, pamoja na nakala ya ukurasa wetu ili awaonyeshe wateja wengine. Kisha tukarudi studio. Niliikuza picha ya Mkunga. Nilihesabu kope zake. Nilihesabu vidole vya mtoto, vilikuwa vitano, mkono mmoja.

Nikaandika mstari wa mwisho daftarini: "Kizee, wodini. Safi."

"Kweli?" Mama akauliza.

Nilinyanyuka, nikampisha kwenye kiti. Alikaa, akarudi nyuma kidogo ili aone, akaikuza picha mwenyewe. Nami nikasimama kando yake, nikangoja mpaka aliporidhika.